Shangazi Anajibu: "Kodi ni humohumo na umeme na maji", humohumo mpaka wapi?

Wiki hii meseji za nyumba zimenizidi, nilitaka kujibu ile ya mashemeji ila itabidi ingoje. Naona watu wengi mmeanza kupanga vyumba ambavyo dalali anakwambia "dada hapa hulipi kitu kingine, umeme humo, maji humo, taka humo", na mtu anafurahi anatoa hela ya miezi sita bila kuuliza hilo "humo" lina ukubwa gani. Nimechagua tano, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana inawahusu wengi, nyingine nitapita fasta.

Friji yangu imekuwa kesi

*Shangazi shikamoo. Mimi nipo Tabata nimepanga chumba self, kodi laki na nusu kwa mwezi umeme na maji ndani, nililipa miezi sita na mkataba tuliandikishana kwa mjumbe. Tupo wapangaji watano na luku ni moja, ananunua mama mwenye nyumba. Mwezi wa pili nikanunua friji ya mtumba ya mlango mmoja, nikawa natengeneza barafu za ukwaju na maji ya kufunga nauzia watoto wa shule, hela ya mboga tu jamani. Sasa mama anasema umeme unaenda kama maji, anataka niongeze elfu 30 kila mwezi au nitoe friji. Juzi nimerudi kutoka mjini nimekuta amezima swichi ya chumba changu, barafu zote zimeyeyuka zimelowesha mpaka godoro. Je ana haki? Mkataba umeandikwa umeme ni ndani ya kodi.* (Mpangaji, Tabata)

Marahaba mwanangu, pole ya godoro kwanza.

Nitakwambia ukweli ambao hautaupenda wote. Mama kukuzimia swichi amekosea, tena sana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji aliyelipa kodi na kufuata masharti akae kwa amani bila kuingiliwa, na kumzimia mtu umeme alioulipia ni kumwingilia, hakuna jina lingine. Pia hawezi kupandisha bei katikati ya miezi sita kwa mdomo wake peke yake, mkataba mliandikishana wawili basi na kuubadilisha muwe wawili. Ila na wewe mwanangu, ulipanga chumba cha kulala, sasa hivi ni kiwanda cha barafu. Mkataba haujasema biashara hairuhusiwi sawa, lakini yule mama alivyopiga hesabu ya laki na nusu alimuona binti mmoja na taa na feni na simu, hakuona friji inayofunguliwa mara arobaini kwa siku na watoto wenye sare.

Sasa tuache kugombana tupige hesabu, maana ugomvi wa umeme mara nyingi ni ugomvi wa watu ambao hawajawahi kupiga hesabu.

Luku ya kawaida, ile tarifu T1 (daraja la bei la TANESCO, shirika la umeme), uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT asilimia 18 na ile ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati na maji) asilimia 1 inafika kama 356. Ndo maana ukinunua ya elfu 10 unapata uniti 28 na ushee. Friji ndogo nzima ya mlango mmoja inakula kama uniti moja kwa siku, kwa mwezi 30, hiyo ni kama shilingi 10,700. Friji ya mtumba iliyochoka, inayogandisha maji mapya kila siku na kufunguliwafunguliwa, inaweza kwenda uniti mbili kwa siku na zaidi, hapo unaongelea elfu 21 na kuendelea. Kwa hiyo mama akisema elfu 30 amezidisha pengine, lakini hajaota, na wewe ukisema "ni hela ya mboga tu" huenda mboga zako analipia yeye.

Unajuaje ya kwako inakula kiasi gani? Kuna njia nilifundishwa na fundi mmoja wa umeme na ni bure. Angalia kwenye mita ya luku kuna kataa kekundu kanakonyezakonyeza, na pembeni pameandikwa idadi, nyingi ni 1000 imp/kWh (nyingine 1600, soma ya kwenu). Maana yake kakikonyeza mara 1000 uniti moja imeondoka. Sasa waombe wenzako jumapili moja asubuhi mzime kila kitu nyumba nzima, kataa katasimama kabisa. Kakiendelea kukonyeza na hamna kitu kimewashwa basi mna tatizo lingine kubwa, kuna mtu anakula umeme wenu au waya unavuja, na friji yako imesingiziwa bure. Kakisimama, washa friji tu, ngoja injini iungurume, chukua simu uhesabu sekunde kati ya konyezo na konyezo. Kwa mita ya 1000, sekunde 30 maana yake friji inavuta wati 120. Sekunde 15 ni wati 240 na hapo jua umeuziwa mzigo. Kwa kulinganisha washa pasi uone, kataa kanakimbia kila sekunde tatu na nusu hivi, utaogopa. Fanyeni hilo mama akiwa amesimama hapohapo na kanga yake, aone kwa macho, maana watu wengi wanaituhumu friji sababu inaunguruma usiku, kumbe anayewamaliza ni wa chumba cha mbele anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo asubuhi na jioni na haina kelele yoyote.

Kingine, angalia mpira wa mlango wa friji. Weka karatasi nusu ndani nusu nje, funga mlango, vuta. Ikitoka kiulaini mpira umekufa, baridi inatoka nje usiku kucha na injini haipumziki. Kubadilisha mpira ni rahisi kuliko kulipa umeme wa friji inayovuja.

Mkishajua uniti, kaeni chini. Mi ningekuwa wewe ningemwambia mama, friji yangu inakula uniti kadhaa kwa mwezi, mara 356, nitakuongezea hiyo hela na kidogo juu ya usumbufu, na tuandike. Na muandike vizuri safari hii, kitu kama hivi: "Umeme umo ndani ya kodi kwa matumizi ya taa, feni, televisheni na kuchaji simu. Friji ya mpangaji italipiwa shilingi kadhaa kwa mwezi. Mwenye nyumba hatazima umeme wa chumba isipokuwa kwa matengenezo na atatoa taarifa." Neno "umeme ndani" peke yake ni sawa na kumwambia mtu "karibu chakula" bila kusema sahani ngapi, mmoja atashiba mwingine ataona ameibiwa.

Akikataa kabisa na akaendelea kuzima, anza kwa mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ikishindikana baraza la kata, ila ujue baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu halitoi hukumu, hukumu ni baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Usije ukadanganywa kuna ofisi inayopanga kodi za nyumba, ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi ilishafutwa tangu 2005, kwa hiyo kwa sisi wa bara karatasi yako ya mkataba ndo ngao yako, ndo maana nasisitiza iandikwe kama ya watu wazima.

Alafu kuna jambo moja mama mwenye nyumba wako angelijua angelia. Kuna tarifu ndogo, D1, ya watu wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Huko uniti ni shilingi 100, na kodi zote inakuwa 122, ile watu wanaita "elfu moja uniti 8". Uniti zote 75 unazipata kwa 9,150. Sasa nyie mko watano kwenye mita moja, hata kila mmoja akitumia 30 tu, jumla 150, mita imeshatoka kwenye D1 iko T1 na wote mnalipa 356. Kila mmoja angekuwa na mita yake TANESCO na kutumia 30 angelipa 3,660 tu kwa mwezi. Pamoja mnalipa zaidi ya elfu 53, mkiwa kila mtu na yake ingekuwa kama elfu 18. Yaani kukaa pamoja kwenye luku moja kumewatoa kwenye bei ya wanyonge. Submita, zile mita ndogo za kila chumba, haisaidii hapo, inapima tu nani kala nini, bei inabaki ya mita kubwa.

Mimi niliwahi kukaa Mwananyamala kwenye nyumba ya aina hiyo, miaka hiyo bado msichana. Baba mwenye nyumba alikuwa na ratiba, pasi ni jumamosi tu kuanzia saa nne, tunapanga foleni na nguo za wiki nzima koridoni, na ukipiga pasi jumatano usiku kwa siri alikuwa anajua maana taa ya sebuleni kwake inafifia, anagonga mlango "nani hapo ana pasi?" Tulimcheka sana. Sasa ndo naelewa alikuwa analipa mwenyewe.

Nina nyumba, wapangaji wananila

*Shangazi habari. Mimi nipo Morogoro nimejenga vyumba vinne uani nyumbani kwangu, napangisha elfu 60 kila kimoja, maji na umeme ni mimi. Niliona ni ustaarabu. Sasa bili ya maji imekuwa mara mbili tangu mwezi wa tatu na umeme nao unapanda. Kuna mama mmoja ana mtoto mchanga anafua nepi kutwa, nadhani ni yeye. Na kijana mmoja nimesikia anapikia jiko la umeme kwa siri. Nataka niondoe hii habari ya humohumo kila mtu ajilipie ila wanasema nataka kuwapiga. Nifanyeje bila kukosana na watu?* (Mstaafu, Morogoro)

Mzee wangu shikamoo, safari hii mimi ndo wa kukuamkia.

Kwanza muache mama wa watu na nepi zake mpaka umthibitishe. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50 za lita 20. Nepi za mtoto mmoja, hata akizifua asubuhi na jioni, ni ndoo tatu nne kwa siku. Kufanya bili iwe mara mbili kwa nyumba ya familia tano hilo ni jambo lingine, na mimi nahisi choo. Choo cha kuflashi kinachovuja ndani kwa ndani hakina kelele, maji yanateleza taratibu ukutani mwa bakuli usiku na mchana, mtu anaoga anatoka haoni kitu. Chukua unga wa juisi ule wa rangi, wa stroberi ndo mzuri, mwaga kwenye tenki la choo, usiflashi, subiri nusu saa. Ukikuta bakuli limegeuka pinki umempata mwizi wako, na dawa yake ni raba ndogo ya ndani ya tenki.

Pia soma mita ya maji usiku watu wakishalala, saa tano tuseme, andika namba zote mpaka zile nyekundu za mwisho. Amka saa kumi na moja kabla mtu hajaenda kuoga, soma tena. Namba zikiwa zimetembea na watu wamelala, bomba linavuja mahali, pengine chini ya ardhi karibu na hilo tenki lako, na ungemfukuza mama wa nepi bado bili ingekuja vilevile.

Huyo kijana wa jiko ndo kesi. Jiko la umeme la koili la wati 1,500 likiwashwa saa mbili kuchemsha maharage limeshakula uniti tatu, shilingi elfu moja na sabini hivi. Akifanya hivyo kila siku mwezi mzima ni uniti 90, elfu 32. Elfu 32 mzee, kwenye kodi ya elfu 60! Unabaki na elfu 28 na bado hujalipa maji yake. Simlaumu sana, mkaa bei mnaijua wenyewe na mtungi wa gesi kuujaza ni hela kwa mkupuo, yeye ameambiwa umeme ni wa bure akaona apike. Wewe ungefanya nini ukiwa na miaka 23? (Akiuliza, mwambie kuna yale masufuria ya presha ya umeme, maharage yaleyale yanaiva kwa nusu uniti hivi. Niliyapuuza mwanzo, sasa nina moja na sirudi nyuma.)

Kuhusu kuondoa humohumo, fanya, ila fanya kwa namna ambayo hakuna atakayesema umempiga. Kwenye simu yako una meseji zote za luku ulizonunua, na bili za maji za mamlaka zipo. Chukua za miezi sita, jumlisha, toa sehemu ya familia yako mwenyewe kwanza (hapa wenye nyumba wengi ndo wanaanza kuwa na mkono mzito, wanasahau wana friji mbili na televisheni inayowaka tangu asubuhi), kinachobaki gawa kwa vyumba vinne na kwa miezi sita. Tuseme inakuja elfu 18 kwa chumba. Basi kodi mpya iwe elfu 42, siyo 55, siyo 60 "bila umeme". Ukiondoa huduma na ukaacha kodi palepale, hapo wana haki ya kusema unawapiga na mimi nitawaunga mkono. Weka submita kila chumba, onyesha watu siku ya kwanza namba zinasomeka ngapi, waandike na wao, na kila mwisho wa mwezi msome pamoja. Uniti moja iuzwe bei ileile ya kwenye meseji ya luku, usiweke cha juu. Wapangaji wanasamehe mengi ila cha juu kwenye umeme hawasamehi, watu wanaweza kukaa miaka miwili wanakunong'ona kwa shilingi 50 ya uniti.

Na usianze mwezi huu huu. Aliyelipa miezi mitatu mbele amalizie kwa masharti yake ya zamani, mpya ianze kwenye mkataba mpya. Au ukiona submita ni kazi, bakiza humohumo ila weka ukomo, chumba kimoja uniti 20 na ndoo kadhaa za maji, ikizidi anaongeza. Hata mimi kwa vyumba vya bei ndogo napenda hiyo zaidi, mpangaji wa kipato cha siku anajua mwezi huu natoa kiasi gani na hagongewi mlango tarehe 20 "changa ya umeme".

Hii 1,500 ni ya nini?

*Shangazi, nimehamia nyumba mpya Kimara, luku ni yangu mwenyewe. Nimenunua umeme wa elfu 10 nimepata uniti kama 11 tu! Nimetapeliwa?* (Mama Junia)

Hapana mama, umelipa deni la mtu. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye luku, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500 (za ghorofa ni zaidi, inaenda kwa floo). Inakatwa unaponunua umeme mara ya kwanza kwenye mwezi, na nyumba ikikaa tupu miezi minne bila mtu kununua, inasubiri pale inajikusanya, anayekuja kununua wa kwanza anamezwa. Minne mara 1,500 ni 6,000, ukibakiza 4,000 unapata uniti 11 na kidogo, hesabu yako imekaa sawa kabisa.

Lakini kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, wewe jengo huna. Tunza hiyo meseji, inaonyesha mstari wa makato, mtumie mwenye nyumba kwa heshima umwambie utaikata kwenye kodi ya pango ijayo. Wenye busara wanakubali palepale. Wengine watakwambia "ah we mama, elfu moja na mia tano?" Mwambie ni elfu 18 kwa mwaka, na kama ni ndogo basi ailipe yeye. Na wote mnaohama, kabla hujatoa hela ya nyumba omba mununue umeme wa elfu mbili hapohapo mbele ya dalali, uone kinachorudi. Deni lolote lililojificha kwenye mita litajitokeza lenyewe.

Nairobi: maji ni inclusive lakini maji hakuna

*Sasa auntie. Niko Roysambu kwa bedsita, rent ni inclusive ya maji na takataka, stima ni tokeni za submita. Shida maji inakuja mara mbili kwa wiki na tenki ya ploti inaisha siku moja. Nanunua mitungi kwa watu wa mkokoteni. Nikiambia caretaker anasema "maji ni ya county, si yangu". Naweza kukata hiyo pesa kwa rent?* (Brayo)

Brayo, usikate kimyakimya, utarudi siku moja upate kufuli mlangoni na kesi ikugeukie. Ni kweli Nairobi maji yanagawiwa kwa ratiba, kampuni ya maji ya kaunti inatoa siku za kila mtaa, hiyo caretaker hadanganyi. Lakini landlord alikuuzia maji ndani ya rent, hakukuuzia ratiba. Akijua maji ni siku mbili, kazi yake ni tenki kubwa ya kutosha hizo siku tano zingine, ama borehole, ama aite boza. Wewe andika kwa simu kwa mwezi mzima, tarehe gani mfereji ulikauka, mitungi mingapi, bei gani, kisha jipangeni nyinyi wa floo yenu watano sita mpeleke ile orodha kwa landlord mwenyewe, siyo caretaker. Mtu mmoja akilalamika ni mkorofi, sita na orodha ni hesabu. Muombe mojawapo, tenki ama mapunguzo, na akikubali akujibu kwa meseji ndo ubaki na ushahidi.

Na hizo tokeni za submita, linganisha bei ya uniti na jirani ambaye ana mita ya Kenya Power yenyewe. Ukiona pengo ni kubwa uliza swali hilo pia siku hiyohiyo.

Naenda Ujerumani, tangazo linasema "warm"

*Shangazi mimi mwanao nimepata chuo Leipzig naenda mwezi wa tisa. Natafuta chumba mtandaoni, naona bei mbili, moja kalt na nyingine warm. Rafiki yangu kasema warm maana yake kila kitu ndani. Ni kweli? Nisije nikaumbuka ugenini.* (Mwanafunzi, Dodoma)

Hongera mwanangu. Rafiki yako amekwambia nusu.

Kaltmiete, kodi baridi, ni ukuta na paa tu. Warmmiete, kodi moto, ni hiyo pamoja na Nebenkosten, yaani kupasha joto, maji, taka, usafi wa ngazi na vitu kama hivyo. Umeme wa chumbani kwako, Strom wanauita, kwa kawaida HAUMO, unajiandikisha mwenyewe kwa kampuni ya umeme. Intaneti nayo mara nyingi haimo. Na kuna ile ada ya redio na televisheni, Rundfunkbeitrag, euro 18.36 kwa mwezi, inatozwa kwa nyumba siyo kwa kichwa, hata kama huna televisheni. Mkikaa watatu kwenye nyumba moja ya kushea analipa mmoja mnagawana, kwa hiyo barua yao ikija kwa jina lako usiogope na usiitupe, wajibu kwamba nyumba tayari inalipiwa na namba ya anayelipa.

Sasa hapa ndo wengi wetu wanaumbuka. Hiyo hela ya Nebenkosten unayolipa kila mwezi mara nyingi ni ya kutanguliza tu, makadirio. Mwaka wa hesabu ukiisha mwenye nyumba anapiga mahesabu ya kweli na ana miezi 12 ya kukuletea. Ulitumia kidogo unarudishiwa, ulitumia sana unaongeza, na kwa mtoto wa Dodoma anayewasha hita namba 5 na dirisha wazi sababu chumba kinanuka, nyongeza inaweza kuwa mia kadhaa za euro kwa mkupuo. Akichelewa kuleta hesabu zaidi ya hiyo miezi 12 kwa uzembe wake hawezi kukudai nyongeza tena. Ile vali ya hita ina namba 1 mpaka 5, namba 3 ni kama nyuzi 20, weka hapo uvae sweta. Kubadilisha hewa wao wanafungua madirisha wazi kabisa dakika tano kumi huku hita imezimwa, wanafunga. Siyo kuliacha limeegama kutwa.

Ukitaka humohumo ya kweli tafuta neno "pauschal", hapo ni bei moja bila hesabu ya mwisho wa mwaka, au hosteli za Studentenwerk ambazo kwa kawaida zinachanganya umeme na intaneti humo, ila foleni ni ndefu, omba leo usingoje viza. Dhamana wanaita Kaution, haiwezi kuzidi kodi baridi ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Mtu akikuambia tuma yote sasa hivi kabla hujaona chumba, yeye yuko safarini na funguo atakutumia kwa posta, huyo ni tapeli, hata kama picha ni nzuri na ana jina la daktari.

Ukifika, kabla hujafungua begi, piga picha mita zote, ya umeme, ya maji, na vile vijimita vidogo vilivyobandikwa kwenye hita, tarehe ionekane, mtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo.